Nyumba Iliyokatazwa Kukohoa

Wifi yangu Eveline alirudishwa mara mbili kutoka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na mara zote mbili macho hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa presha. Ameshavalishwa gauni la hospitali, ameshafungwa kitambaa kichwani, halafu nesi anamfunga ile mashine ya kupimia mkononi, inavimba, inapumua, nesi anasoma namba na kutikisa kichwa. "Mama, hatuwezi. Nenda nyumbani ukatulie, urudi ikishuka." Sasa mtu anayepofuka huku anajiona, utamwambiaje atulie? Mimi nilikuwa nimemshikia kanga na viatu vyake.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Eveline ni fundi cherehani. Sare za shule za watoto wa huku kwetu Soweto, Mbeya, nyingi zimepita mikononi mwake, na wakati huo hata kutunga uzi kwenye sindano alikuwa hawezi tena. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwa kambi, wanakaa siku chache wanaondoka. Walituambia watarudi baada ya Pasaka, na baada ya hapo hawajui lini tena. Jicho la kushoto lilikuwa limeiva kupita kiasi. Daktari alisema wazi kwamba likiachwa zaidi ya hapo linaweza kuharibika lisitibike. Kwa hiyo presha ishuke kabla ya kambi, au jicho liende.

Pale kliniki ya presha kuna Nesi Rukia, mtu wa watu, babu zake walipanda huku kutoka pwani na biashara zao na hawakurudi tena. Yeye alimkalisha Eveline akamwambia mambo ya kufanya kila siku. "Dada, dawa meza, lakini dawa peke yake haitoshi. Tembea asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Chumvi punguza. Lala mapema. Halafu kila siku tafuta mahali pa kimya, kaa, fumba macho, vuta pumzi taratibu, usimfikirie mtu yeyote." Mimi nikacheka. Mtu asimfikirie mtu yeyote naye ameolewa na kaka yangu Jofrey?

Jofrey ana duka la spea za pikipiki, na ukimwambia kijiko kimoja yeye anamimina vitatu. Aliposikia habari ya mahali pa kimya, akaigeuza nyumba nzima kuwa msiba usio na maiti. Geti lilikuwa linalia, akalipaka mafuta. Jogoo alikuwa anawika alfajiri, akachinjwa. Watoto wa jirani wakafukuzwa uani. Akamwambia na baba yetu, "Mzee, redio basi kwanza. Mke wangu anatakiwa utulivu."

Habari ya baba lazima niieleze hapa, la sivyo hutanielewa. Mama yetu alifariki mwishoni mwa mwaka, na tulipomaliza kuzika hatukutaka mzee abaki peke yake Tukuyu na ile baridi. Jofrey akamleta kwake, akampa chumba cha mbele. Baba anaitwa Mzee Eliezeri. Ana fimbo yenye chuma kwenye ncha, redio ya betri, na kikohozi cha tumbaku aliyoiacha zamani, ila kikohozi hakikumwacha.

Sisi ni Wanyakyusa. Kwa wazee wetu, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hamtaji jina. Akimwona anakuja, anakwepa njia, na akikosa pa kukwepea anageuka ajikunyate mpaka mzee apite. Ni heshima, si uadui, na mzee naye anamlindia mkamwana heshima yake vilevile. Siku hizi wengi tumelegeza, hasa sisi wa mjini. Lakini Eveline ni Mhehe wa Iringa, mila hii ameingia kwa ndoa, na siku ya harusi shangazi zetu walimsema hadharani kwamba Mhehe gani atajua heshima ya Kinyakyusa. Aliwasikia. Tangu siku hiyo ameishika mila kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Hata Biblia, akifika penye jina la Eliezeri anaruka.

Kule Tukuyu haikuwa taabu. Wazee walikuwa na nyumba yao, vijana yao, katikati migomba. Lakini Soweto ni nyumba moja, korido moja, choo kimoja, bomba moja uani. Hata hivyo mwanzo walikwenda vizuri, mpaka nikashangaa. Waliishi miezi chini ya paa moja na hawakuwahi kugongana.

Halafu ndiyo kikaja hicho kimya cha Jofrey. Na aliyekitii kuliko wote alikuwa baba. Fimbo aliiegemeza nyuma ya mlango. Viatu akaacha kuvaa ndani, akawa anatembea na soksi nene za sufu. Kikohozi kikimbana, anatoka mpaka kule kwenye mparachichi, anaziba mdomo na mkono wa koti anakohoa huko huko. Nilimkuta siku moja machozi yanamtoka kwa kujizuia. "Mkamwana anaumwa," akaniambia, "nisiwe mimi wa kumzidishia." Mzee wa watu alikuwa anajivunia. Alisema sasa anaweza kutoka chumbani mpaka bombani panya asisikie.

Nesi Rukia alikuwa anapita jioni kumpima. Presha ikapanda. Wiki ya kwanza tukasema bado mapema. Wiki ya pili ikapanda zaidi. Eveline alikuwa anatembea asubuhi, anakula mboga isiyo na ladha, anaingia kitandani kuku wakiingia bandani. Jioni anakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, amefumba macho, anavuta pumzi kama alivyoelekezwa. Nami nikimtazama naona mishipa ya shingo imesimama. Mwili umekaa kwenye kigoda, lakini masikio yote yako nje.

Jofrey akaanza kutafuta mchawi. Siku hiyo niliwakuta jikoni, yeye ameshika kifuko cha chumvi anakipima kwa mkono.

"Hii imepungua," akasema. "Nani anailamba?"

"Ni chumvi ya mboga yenu. Kwenye yangu sitii."

"Eveline, madaktari wanakuja. Kama unanidanganya niambie sasa hivi."

Eveline alikuwa ameshika mwiko. Akautoa kwenye chungu, akauelekeza kule alikodhani mume wake amesimama, mchuzi unadondoka sakafuni. "Onja," akasema. "Onja mwenyewe, halafu nitukane."

Hakuonja. Alitoka akafunga mlango taratibu, maana hata hasira nyumba ile ilikuwa lazima iwe ya kimya. Eveline alibaki pale pale na mwiko wake. Mimi nikachukua kitambaa nikafuta mchuzi. Niliogopa. Niliona kabisa kambi itakuja, itaondoka, na jicho litaondoka nayo.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumtembeza mwenyewe. Nilimshika kiwiko, tukazunguka mtaa, ukungu umekaa chini, mvua za Kwaresma zimefanya barabara utelezi. Akanitania kwamba natembea kama bata anayekwenda kliniki. Nilikuwa sijamsikia akitania muda mrefu. Tulipofika karibu na kwa Nesi Rukia nikabisha hodi, nikamwomba ampime pale pale. Rukia alitoka na ushungi wa nyumbani, mashine kwapani, akampima kwenye kochi lake. Akasoma, akarudia, akasoma tena.

"Hii ni presha ya mtu anayeweza kupasuliwa leo," akasema. "Jana jioni nimekupima nyumbani kwako ilikuwa imekaribia kuvunja mashine. Dada Eveline, presha yako haiko kwenye chumvi. Iko nyumbani kwako."

Eveline akajifunga kanga, akainuka. Njia nzima ya kurudi hakutania tena, na kadiri tulivyokaribia geti ndivyo kiwiko chake kilivyokuwa kigumu mkononi mwangu. Getini akasimama.

"Tangulia wewe," akasema. "Angalia korido."

"Niangalie nini?"

"Angalia tu, Damari."

Hapo ndipo nilipochemka. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisogei hapa mpaka useme. Nyumba ni yako, mume ni wako, unaogopa korido kwa nini?"

 Yakamtoka yote kwa mkupuo, kwa sauti ya chini, ameshika nondo za geti.

"Simwoni na simsikii. Zamani nilimjua alipo. Fimbo ikigonga najua yuko korido, nangoja jikoni. Redio ikilia najua yuko barazani, naenda kuoga. Akikohoa mlangoni natokea nyuma. Niliishi kwa hiyo sauti, macho nilikuwa siyahitaji. Mmemnyamazisha. Sasa sijui yuko wapi, saa yoyote anaweza kuwa mbele yangu. Mnaniambia nifumbe macho nivute pumzi, kila nikifumba namwona amesimama. Juzi nimeenda bombani, nimenyoosha mkono nichukue ndoo, nikashika koti. Nimemshika, Damari. Baba mkwe wangu nimemshika kifuani."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Niseme baba wa mume wangu ndiye ananipandisha presha? Mama mmemzika juzi tu, udongo haujakaa. Shangazi zenu watasema Mhehe amemfukuza mzee wa watu. Heri jicho liende."

Nilimpeleka kwangu, hapo mtaa wa pili, nikamkalisha, nikarudi kwa baba. Nilikuwa nimejiandaa kufoka, lakini nilipomwona amekaa kitandani na soksi zake, maneno yakapungua ukali. Nikamweleza. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Habari ya bombani aliijua, kumbe naye alikuwa ameibeba peke yake.

"Nilimsikia anakuja," akasema. "Nikasema nikitikisika nitamshtua. Nikasimama kama mti, nikidhani atachukua ndoo aende. Tangu siku hiyo chakula hakipiti." Akafungua begi, akaanza kukunja shuka. "Narudi Tukuyu."

"Tata," nikamwita baba kwa lugha yetu, "ukiondoka ndiyo umemmaliza."

"Nikikaa namuua, nikiondoka namuua. Sasa unataka nifanye nini?"

Jofrey aliingia akatukuta hivyo, begi liko wazi kitandani, na akaelewa vibaya moja kwa moja. Uso ukamgeuka. "Mke wangu amemfukuza baba?" Alikuwa tayari anaelekea mlangoni, na ninavyomjua kaka yangu, angefika kwangu angesema neno ambalo Eveline asingelisahau. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia hapiti. Nikamwambia yote mbele ya baba: geti, jogoo, redio, na kwamba kimya chake ndicho kinachomla mke wake.

"Nesi alisema utulivu," akabisha. "Wewe ni nesi?"

"Nesi alisema mahali pa kimya. Hakusema mumfiche mtu nyumbani mwake."

"Madaktari wanakuja, Damari, na wewe unataka tuanze kelele?"

Baba alikuwa ameshasimama. Alipita kati yetu kwa zile soksi, akaenda nyuma ya mlango akachukua fimbo. "Nyumba ni yako, mwanangu," akamwambia Jofrey. "Kikohozi ni changu." Akagonga fimbo sakafuni, akakohoa kikohozi cha wiki zote zile, akatoka nje akikohoa.

Basi ndiyo ikawa desturi ya kila siku, na aliishika kama mtu anavyoshika dawa. Kumsemesha mkamwana haruhusiwi, kwa hiyo alikuwa anavitangazia vitu. Akiamka anauambia mlango, "Natoka, naelekea uani." Akifika bombani anaiambia ndoo, "Nanawa uso, sichelewi." Barazani redio inalia mpaka jirani analalamika. Jirani mmoja aliniuliza kama mzee ameanza kuchanganyikiwa kwa ajili ya msiba, nikamjibu kwamba ana akili kuliko mtaa mzima. Jofrey alikuwa anakunja uso na kutoka kwenda dukani. Lakini Eveline alianza kukaa kwenye kigoda chake, fimbo inagonga kule mbele, na mabega yanashuka. Rukia akimpima jioni, namba ilikuwa inakubali. Bado tulikuwa roho juu, maana nyumbani ni nyumbani na hospitali ni hospitali.

Siku ya kambi Jofrey alimwambia baba abaki. Tukaenda sisi watatu, tukaketi kwenye benchi refu la korido, watu wengi, na ukutani maandishi makubwa: KIMYA. Eveline alikuwa ametulia, amenishika mkono. Mimi ndiye niliyeharibu, kwa macho yangu. Nilitazama mwisho wa korido nikaona koti la baba. Alikuwa amekuja peke yake kwa bajaji, na kwa kuheshimu yale maandishi alikuwa ameshika fimbo kwapani, anatembea kwa ncha za viatu. Nikakakamaa. Eveline akausikia mkono wangu.

"Yupo," akasema.

Sikuweza kumdanganya. "Yupo."

"Wapi?"

Nilipotazama tena alikuwa ameshajichanganya na watu. "Sijui," nikasema, na hapo hapo wakaita jina lake.

Nesi wa mlangoni alimpima, akatikisa kichwa. Kichwa kile kile kwa mara ya tatu. Alisema daktari anamaliza orodha yake, na yeye atampumzisha Eveline pembeni ya dirisha na kumpima mara moja tu tena, ikigoma nafasi atapewa mgonjwa mwingine. Jofrey alikaa chini ghafla akaziba uso kwa mikono. Mimi nikatoka mbio kumtafuta baba, nikamkuta nje, ukutani, upande wa lile dirisha. Nilikuwa nahema.

"Tata, amejua umekuja. Hajui ulipo. Presha imepanda."

"Nyumbani kulinishinda," akasema. "Nilitaka tu niwe karibu." Akatazama yale maandishi, mengine yalikuwa yamebandikwa na huku nje. Akatazama dirisha. Kumwita hawezi, jina lake hatamki, na hata kuongea naye ni mwiko. Mlinzi alikuwa amesimama karibu na maua. Baba akaenda akaketi kwenye ukingo wa saruji chini ya dirisha, akagonga fimbo kwa nguvu, akamwambia mlinzi kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto, "Kijana wangu, mimi nimekaa hapa nje. Chini ya dirisha. Siingii ndani leo."

Mlinzi akaja mbio. "Mzee, hapa ni hospitali. Kimya."

"Naona nimeandikiwa. Ndiyo maana nimekaa nje, na sisogei. Wewe kwenu wapi?"

"Mzee, tafadhali."

"Mimi kwetu Tukuyu. Nakaa hapa hapa mpaka binti yangu Damari aje anichukue. Sitainuka. Nikiinuka nitakohoa kwanza, utanisikia." Akakohoa kumwonyesha. Akaanza kumweleza habari za migomba, ipi inaiva upesi, ipi inataka mbolea, na kila baada ya maneno machache anarudia kwamba amekaa, hajasogea, yuko hapo hapo. Mlinzi alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini aliacha kubisha. Akaegemea ukuta akauliza, "Na ndizi za kupika je, mzee?"

Nikarudi ndani nikikimbia. Eveline alikuwa amelaza kichwa kwenye fremu ya dirisha. Amefumba macho. Chini yetu sauti ya baba ilikuwa inapanda na kushuka na migomba yake, na kifua cha Eveline kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu. Nesi akaja na mashine. Ikavimba, ikapumua. Akasoma, akamtazama Eveline, akasoma tena.

"Mama, simama twende," akasema.

Walimfanyia jicho la kushoto. Bandeji ikatolewa kesho yake, akahesabu vidole vya daktari, akataja rangi ya kanga yangu na kusema nimenenepa. Jofrey alilia mbele za watu, na mimi sikumcheka. Tulimrudisha nyumbani mchana, jua limetoka baada ya mvua. Nilimwachia mkono getini ili nilipe bajaji.

Sikumwona baba anatoka barazani. Alikuwa amesahau, kwa furaha labda, alitoka kimya bila fimbo wala kukohoa, soksi miguuni, akaja moja kwa moja kwenye njia ya geti. Eveline akainua uso. Nilitaka kupiga kelele. Lakini yeye alikuwa ameshajifunika kanga, akageuka, akaruka dimbwi la maji, akapita kati ya kamba ya nguo na mparachichi, akapotelea nyuma ya jiko. Alikimbia kama msichana.

Baba aligeukia ukuta kama inavyompasa. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nikadhani amehuzunika kwa kukimbiwa, nikamsogelea.

"Damari," akasema, bado anautazama ukuta. "Umeona alivyonikimbia? Hakupapasa chochote."